Taa ya Njano na Chetezo cha Bi Nunu

Kwa adabu zote nilizofundishwa katika skuli ya dakhalia, natamka kwamba Ami Hamed ni mtu mzuri sana akiwa amelala. Nasema hivi huku shavu langu la kushoto likiwa bado na joto la kiganja chake, na sina nia ya kusamehe mpaka lipoe.

Kisa ni taa. Taa ya njano, ndogo kama punje ya dengu, yenye picha ya injini, inayokaa mbele ya usukani wa gari la dada yangu Basma. Da Basma anasomesha Mkokotoni, huko kaskazini, na sisi tunakaa Vuga, mjini. Mwaka mzima alikuwa akitoka nyumbani na giza na kurudi na giza, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Baba, ambaye yuko Maskati pamoja na mama, akamwonea huruma akamletea gari kutoka Dubai. Kabla ya Dubai lilikuwa Marekani, na ndiyo maana usukani wake uko kushoto, kinyume na magari mengine yote ya kisiwani. Siku lilipotolewa bandarini, Ami Hamed alilizunguka akasema, "Hata lenyewe linajua kuwa halikuumbiwa kuendeshwa na mwanamke. Limekaa upande."

Ami ni mdogo wake baba, na baba akiwa hayupo yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akaweka sharti mbele ya Bi Nunu, bibi yetu, mama yake mzazi: gari likiharibika mkononi mwa Basma, hata mara moja, ufunguo unahamia kwake, na Basma anaacha kazi akae nyumbani. "Mtoto wa kike kusimama njiani na giza, aibu hiyo nshaivumilia vya kutosha," alisema. Wala hakuficha kuwa yeye mwenyewe analitamani gari. Kila jioni alikuwa akilipapasa ubavuni kama mtu anayechagua ng'ombe wa Idi.

Da Basma hakubishana. Aliliendesha gari kama aliyepakia mayai. Asubuhi anaangalia maji, anaangalia oili, anabonyeza matairi. Akienda kutia petroli anazima injini, anazima na simu, na kifuniko cha tangi anakifunga mwenyewe mpaka kilie ta-ta-ta, kisha anakitikisa kuhakikisha.

"Kikilegea, mvuke wa petroli unatoka," aliniambia siku moja. "Gari hili linajua. Linawasha taa."

Nikamuuliza kama linajua pia nani aliyekula sambusa ya mwisho.

"Linajua. Ni wewe."

Basi Alhamisi Ami akaliazima. Binamu yetu Asila alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na Ami alitaka kuwazungukia watu wa shamba kuwakumbusha. Alivaa kanzu na koti lake jeusi, lile la heshima, akanichukua mie, niliyekuwa nyumbani kwa ruhusa ya skuli, nimbebee vitu. Tukasimama kwenye kituo cha petroli. Kijana wa pampu, fulana yake imeandikwa Machano kwa kalamu ya wino, akaja dirishani.

"Zima gari, mzee."

"Lina joto. Likizimwa linasumbua."

Halijawahi kusumbua hata siku moja.

"Na sigara pia, mzee."

"Sigara iko mkononi mwangu, petroli iko ndani ya mpira wako. Wamekutana wapi hawa wawili?"

"Ami," nikasema, "mvuke wa petroli hauonekani, lakini unatembea, unaufuata moto hata—"

"Turki! Ukitaka kunisomesha, subiri niandikishwe darasani kwako."

Machano akaukumbatia mpira wake kifuani na kusema hatii hata tone. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Ami akaitupa sigara na kuikanyaga kwa kiatu, lakini injini akaiacha inanguruma, ili isije ikaonekana kuwa kashindwa yote. Akateremka kufungua kifuniko mwenyewe. "Vijana hawa wanakikaza mpaka wanakiua," alisema. Mara simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mpishi wa biriani ya ndoa. Ami akawa anakwenda huku na huku pale pampuni akipiga kelele kuhusu mchele.

Kwa upande wangu, nilikuwa na shughuli. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kulia, pahala ambapo kisiwa kizima kinajua anakaa dereva. Tulipoondoka, Ami bado anagombana na mpishi, mie nikakunjua gazeti, nikaweka miguu juu, nikasoma kwa utulivu. Mwenye baiskeli mmoja nusura aingie mtaroni kwa kunishangaa. Kwa hiyo niulizwe habari za mwenye baiskeli. Habari za kifuniko sikuziona.

Ijumaa asubuhi Da Basma, aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili ya ndoa, akawasha gari kwenda kuchukua asumini za bi harusi. Hakufika mbali. Taa ya njano ikawaka, akageuza palepale. Akateremka, akafungua kijimlango cha tangi ubavuni mwa gari. Mdomo wa tangi ulikuwa wazi, na harufu ikatupiga puani hadi barazani.

Ami alikuwa amekaa pale kwa shuka na fulana, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, ami. Kifuniko cha tangi kiko wapi?"

"Marahaba. Kwani gari ni la nani?"

"Jana ulitia petroli."

"Nilitia, nikafunga, nikakurejeshea gari zima. Taa imewaka kwa nani? Kwangu?"

"Ami, hukufunga," nikasema. "Ulikuwa unagombana na biriani."

Akanigeukia kwa furaha ya mwenye shamba aliyemwona mwizi akiteremka mnazini. "Ahaa! Wewe! Nani aliyemvisha mbuzi wa jirani tai ya skuli? Nani aliyetia chumvi kahawa ya wageni siku ya hitma? Kakificha huyu, Basma. Mchezo wake."

Nikaapa. Kuna mambo mawili duniani hayana thamani, kiapo changu na mwavuli uliotoboka. Lakini kilichonichoma ni kwamba Da Basma naye alinitazama.

"Turki, kama ni mzaha, leo siyo siku yake."

"Wallahi si mie!"

"Mzaha au uzembe, yote mamoja," alisema Ami akinyoosha mkono. "Sharti ni sharti. Ufunguo."

Da Basma akauweka kiganjani mwake. Hakulia. "Jumatatu niwaambie nini wanafunzi wangu?"

"Waambie mwalimu kaolewa."

"Sijaolewa."

"Ukikaa nyumbani utaolewa."

Ningekuwa na nguvu za kuliinua lile gari, ningemwekea juu ya kikombe chake cha kahawa. Yeye akaufunga ufunguo kwenye pindo la shuka, akaokota tambara la kufutia baiskeli, akalisokomeza kwenye mdomo wa tangi. Akaliacha linaning'inia nje kama utambi wa kibatari. Da Basma akamwambia hilo ni hatari. Akaambiwa dereva wa zamani hana sauti.

Hapo akatoka Bi Nunu, na chetezo mkononi.

Chetezo kile ni cha fedha, kaja nacho alipoolewa. Siku hiyo makaa yake yalikuwa mekundu, ubani unafuka juu yake. "Gari hili limetiwa jicho," alisema. "Tangu lije, hapiti mtu asiligeukie." Akaanza kulifukiza kuanzia mbele, midomo inasoma dua. Taa moja, taa ya pili, mlango. Moshi unazunguka, na yeye anaufuata ubavu wa gari kwenda nyuma.

"Fukiza vizuri, mama," Ami alisema kutoka barazani. "Na pale penye tambara hasa. Hapo ndipo jicho lilipoingilia."

"Bibi, simama!" Da Basma alipiga kelele. "Moto! Tangi liko wazi!"

Ami akamshika mkono. "Muache bibi yako asome."

"Bibi, rudi nyuma!" Mie nilikwisha kusimama mbele yake. "Huo mvuke utashika! Tutaungua sote!"

"Nipishe, mjukuu wangu. Ubani haujamdhuru mtu tangu enzi za bibi zangu."

Akanipita kwa upande. Tambara lilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikafanya jambo ambalo katika ukoo wetu, wa mjini na wa Maskati, hakuna aliyewahi kulifanya: nikamnyang'anya bibi yangu chetezo. Kilikuwa cha moto mpaka nikahisi vidole vinalia. Nikakimbia nacho hadi ng'ambo ya njia, nikamwaga makaa mtaroni, na chetezo kikaniponyoka kikagonga ukingo wa jiwe.

Nilipogeuka, kiganja cha Ami kilikuwa kishafika.

"Unamnyang'anya bibi yako ubani mkononi?"

"Nimemnyang'anya moto!"

"Huna haya! Dakhalia wanakufundisha nini?"

"Wananifundisha kuwa petroli inawaka! Wewe walikufundisha wapi?"

Angenizaba la pili kama Bi Nunu asingepita kati yetu. Hakunitazama. Akaokota chetezo chake, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakigeuza akaona palipobonyea, akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko kofi. Da Basma akazoa mchanga akayafukia makaa mtaroni, kisha akaja kukaa nami, mbali na gari.

"Si wewe," alisema.

"Nshasema si mie!"

"Najua. Nimekuona ulivyokimbia. Mtu wa mzaha hakimbii vile."

Nilikuwa nimekasirika kwa kiasi ambacho hata huruma yake iliniudhi. Ushahidi wangu ulihitaji vidole vilivyoungua ndipo ukubalike, na wa Ami ulitosha kwa shuka na fulana.

Kisha ikasikika sauti kutoka dirisha la juu.

"Hamed!"

"Naam, mama!"

"Njoo!"

Haikuwa sauti ya kuitia chai. Tukapanda sote. Chumbani kwa Bi Nunu kulikuwa na lile tenga la fito ambalo nguo hutandazwa juu yake na chetezo huwekwa chini, ili moshi wa udi uzipande. Tenga lilikuwa tupu. Chetezo kilikuwa mbali, ukumbini, na makaa mapya. Bi Nunu alisimama dirishani kalikumbatia koti jeusi.

"Nilitaka nikufukizie udi, uende ndoani unanukia," alisema. "Nusa."

"Harufu kidogo tu ya petroli, mama. Jana nilitia—"

"Nusa, nakwambia!"

Akalinusa. Bi Nunu akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso, akatoa tasbihi, akatoa kifuniko cheusi cha tangi la petroli.

Bi Nunu akatazama makaa kule ukumbini, akatazama koti, kisha akatazama vidole vyangu.

"Kule chini uliniambia nifukize penye tambara."

"Shetani, mama. Simu ililia, nikasahau, shetani akanipitia—"

"Shetani havai koti. Ufunguo."

"Lakini mama, taa yenyewe bado—"

"Ufunguo, Hamed!"

Akaufungua kwenye pindo la shuka. Bi Nunu hakuupokea. Akamwonyesha kwa kidevu, na Ami Hamed, mkubwa wa nyumba, akauweka mwenyewe mkononi mwa Da Basma.

Tukateremka. Tambara likatolewa, kifuniko kikaingia, ta-ta-ta. Tukasubiri harufu iishe, ndipo Da Basma akawasha gari. Taa ya njano ikabaki inawaka.

"Si hiyo!" Ami alipaza sauti dirishani, kashinda tena. "Bado! Nilisema mie!"

"Haizimiki palepale, ami," Da Basma alimjibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia hasira yake, ya chini, iliyokunjwa vizuri. "Gari litajipima, safari mbili tatu. Likiona mvuke hautoki, litaizima. Lisipoizima, nitalipeleka kwa fundi. Mie. Kwa ufunguo wangu."

Bi Nunu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na buibui lake, kile cha kulia, chetezo kitupu mapajani. Watu wa Vuga wakamwona bi kizee anaendesha gari bila ya usukani. Nilisikitika kwamba wazo lile halikuwa langu.

"Vidole vyako vipi?" aliniuliza bila kugeuka.

"Vinaungua."

"Na hiki kina bonde." Akalipapasa. "Basi tumelipana. Twende, Basma."

Alasiri Ami alikwenda ndoani kwa miguu. Koti jingine hana, na hakupatikana mtu wa kulifukiza lile. Aliposimama pembeni, wazee wawili waliokuwa wanataka kuwasha sigara wakamnusa, wakatazamana, wakahamia upande wa pili. Alinipita mlangoni bila neno la samahani, na hadi leo hajalisema.

Jumatatu nilimsindikiza Da Basma kazini. Tulipofika Mahonda, njiani, taa ya njano ikazimika, yenyewe, kimya kimya. Da Basma akaimba. Mie nilijitazama kwenye kioo cha pembeni. Shavu lilikuwa bado halijapoa.