Kitabu Chenye Kufuli

"Kitabu nimekinunua, Jailos, sikukiazima. Fungua."

"Umenunua cha kusoma wewe, Mama Yudith. Hukununua cha kusomea Ipogolo nzima."

Severina, mama yake Yudith, alikuwa kasimama mlangoni kwake na kitabu mkononi, kimetobolewa pembeni na kupigwa kufuli dogo la sanduku. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Jailos, jirani yake muuza vitabu, ambaye bidhaa zake huzifuata Mbeya kwa basi. Sehemu ya kwanza ya hadithi hiyo aliiuza wazi, akajuta. Severina, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, aliwasomea majirani kwa sauti kila Jumapili baada ya misa, nyumba ikajaa hadi jikoni, na hakuna mwingine aliyenunua. Sasa ya pili atamfungulia akiwa peke yake, naye muuzaji akae pembeni kuzuia masikio ya watu.

Severina peke yake! Nyumba isiyo na watu ilimtia homa. Na wageni walishakaa ndani, wakinong'ona kwamba kama hadithi hakuna, waende kwa Evarista, kaleta gramafoni.

"Hakuna wa kuondoka," akasema, akaingia akaketi, kitabu na kufuli lake magotini. "Nasoma hivi hivi. Siku ya harusi, bwana harusi wetu Bartolomeo akashuka mtoni kunawa miguu. Mamba akamla. Na viatu."

Watu wakaguna. Nje, mtu akakohoa.

"Bibi harusi wala hakulia. Akaolewa na mjomba wa marehemu, yule mwenye mbuzi."

"Mamba gani?" Jailos kaingiza kichwa dirishani. "Mle hamna mamba."

"Kitabu kimefungwa, wewe umeona wapi?"

"Nimekisoma chote kwenye basi. Bartolomeo yu hai, kajificha ghalani kwenye mahindi, anamkimbia mama mkwe."

"Kisa?" akauliza Tekla, ambaye hakosi hadithi hata akiumwa.

Jailos akaeleza kisa. Akaeleza na mama mkwe alivyomsaka bwana harusi na mchi, mkono mmoja kashika dirisha, wa pili unapima urefu wa mchi wenyewe. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipofika pale padri anapouliza kama kuna mwenye pingamizi, ndipo akanyamaza, akawatazama wale watu wote waliokuwa wakimsikiliza bure.

Severina alikwisha kuwasogeza watu mkekani, anapakua ugali na maharage.

"Shemeji, shingo itakuuma hapo dirishani. Ingia ule, halafu utuambie padri alijibiwa nini."