Bakuli la Abeli

Nyumbani kwa Bi Emilia, pale Ihumwa, upande wa reli usio na maduka, palikuwa na bakuli la bati la buluu ambalo hakuna aliyelishika ila mtu mmoja. Vyombo vingine vilianikwa pamoja kichanjani. Lenyewe lilikaa peke yake juu ya jiwe kando ya ghala, limelazwa kifudifudi. Lilikuwa la Abeli. Abeli alikuwa na kifafa tangu ana miaka kumi na miwili, na kwa watu wa pale kifafa ni ugonjwa wa mate. Povu likikugusa, umeupata. Ukichovya mlenda alipochovya mgonjwa, umeupata. Ndivyo walivyoambiwa na waliowazaa, na hao nao waliambiwa, wala hakuna aliyewahi kukaa chini akataja jina la mtu mmoja aliyeambukizwa hivyo.

Aliyelilinda bakuli hilo ni dada yake mkubwa, Anna, Mama Generosa. Jamani, mama huyo! Alirudi kwao baada ya kufiwa na mume, akiwa na binti mmoja na ulimi wa watu kumi. Nyumba ilikuwa na watu wanne tu, kwa hiyo ile desturi ya wanaume kula kwao na wanawake kwao iliisha siku mzee alipozikwa. Bi Emilia, Anna na mtoto walikaa mkekani, ghala nyuma yao, mbele yao ugali mmoja wa uwele na bakuli moja la mlenda. Abeli alikula juu ya jiwe lake, miaka kumi na minane sasa. Wala hakulalamika. Alikuwa msuka vikapu hodari, tena mtu wa utani, na jirani akimuuliza mbona anakula peke yake, alijibu, "Mimi mkubwa bwana, nimetengewa." Watu walicheka, Anna naye akacheka, na bakuli likarudi juu ya jiwe.

Mwaka wa tisini na tisa akaja Daktari Khairat. Huyu alikuwa binti wa Dodoma mjini, wa ukoo wa wale waliokuja na misafara zamani wakafungua maduka, na alikuwa amerudi kutoka masomoni na kazi moja kichwani: kupiga picha za ubongo za watu wenye kifafa ili kujua kinatoka wapi. Mashine yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, kwenye moja ya zile hospitali za watu binafsi zilizoota baada ya serikali kulegeza kamba. Alikuwa akienda kijiji kwa kijiji kuomba watu wakubali kusafiri.

"Shikamoo mama," alimwamkia Bi Emilia, akaketi, akanywa maji aliyopewa, akaeleza kazi yake taratibu. Kisha macho yake yakatua kwenye jiwe. "Na lile bakuli?"

"La mjomba," Generosa akajibu kabla mama yake hajamfinya.

Daktari hakupandisha sauti. Akasema kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa mlenda. Mtu anaweza kula na mgonjwa maisha yake yote, akalala naye kitanda kimoja, akamshika akianguka, na asipate kitu.

Neno hilo lilimwingia Anna vibaya, na sababu aliijua peke yake. Siku ile ya mwaka themanini na moja Abeli alianguka karibu na mafiga, mkono wa kushoto ndani ya makaa, povu likimtoka. Anna alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, ndoo ya maji mkononi, akasimama. Aliogopa lile povu. Alisimama mpaka mama yao alipokuja mbio kutoka shambani akamvuta mtoto. Mkono wa Abeli ulipona, lakini vidole viwili vilishikana mpaka leo. Miaka yote hiyo Anna alijituliza kwa neno moja, kwamba ningemgusa ningeupata. Sasa huyu wa mjini anakuja na kalamu yake kusema hakiambukizi! Kama hakiambukizi, basi alisimama bure.

"Daktari," akasema, "umesoma, hilo silikatai. Lakini wewe hukuzaliwa tumbo moja na mwenye kifafa."

"Hukukosea. Ndiyo maana nakuhitaji na wewe, dada. Kila mgonjwa namwomba aje na ndugu yake mzima, nilinganishe ubongo na ubongo."

Anna akaona mlango wa kutokea. Akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Nitakwenda. Na mama asikie, na Abeli asikie. Picha ndiyo itakayoamua. Atakayeonekana na kitu kichwani atakula kwenye bakuli la buluu. Asiye na kitu, mkekani na watu."

"Picha haipimi hivyo," daktari akamwambia. "Kinachoonekana na kisichoonekana, vyote haviambukizi kwa kula. Usiweke nadhiri juu ya kitu usichokijua."

"Nimeshasema."

Abeli alikuwa akichambua ukindu wake. "Mwacheni," alisema. "Mimi treni sijapanda tangu nizaliwe, naisikia tu ikipita. Tukirudi na bakuli, tukirudi bila bakuli, nitakuwa nimepanda."

Walipanda, usiku mmoja na asubuhi yake, wagonjwa tisa na ndugu tisa na muuguzi mmoja. Mashine ilikuwa duara kubwa jeupe lenye tundu, na kitanda kiliingia humo polepole kama mkate unaoingia tanuri. Abeli alitoka akicheka, akasema mle ndani kuna baridi kuliko Juni ya Dodoma. Anna alilala akiwa amefumba macho na kumwomba Mungu kitu asichoweza kukisema kanisani. Aliomba picha ya mdogo wake iwe chafu.

Baada ya mwezi mmoja Landrova ya utafiti iliwafuata, ikawapeleka hospitali mjini. Daktari Khairat aliwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa. Abeli alitangulia. Akatoka na bahasha kubwa ya kahawia na vidonge vya miezi mitatu.

"Hakuna kitu, dada. Peupe kabisa. Daktari anasema kifafa kingine hakiachi alama inayoonekana, lakini dawa kinaisikia. Nisiache vidonge hata siku moja."

Anna akaingia. Daktari akabandika picha yake kwenye kioo cha taa, na Anna akaona kichwa chake kimekatwa vipande vipande kama boga. Ndani ya kijivu palikuwa na vitone vyeupe. Alivihesabu bila kutaka. Vitano.

"Hivi ni nini?"

"Keti, dada Anna. Havikuui. Nyumbani kwenu mlifuga nguruwe?"

"Baba alifuga. Zamani."

Daktari akaeleza. Kuna mnyoo unaoitwa tegu. Mtu mwenye tegu tumboni anatoa mayai akienda haja, na pasipo na choo mayai yanaishia kwenye maji, kwenye mchicha, kwenye mikono. Nguruwe anayala, anapata vifuko kwenye nyama. Binadamu akiyameza, vifuko vinaweza kuota mpaka kwenye ubongo. Watu wengine vinawaletea kifafa. Wengine havifanyi lolote, vinakufa vyenyewe, vinabaki chokaa. "Vyako vimekufa miaka mingi, pengine tangu utotoni. Havihitaji dawa. Na usijione wewe peke yako. Mimi nguruwe sili, lakini yai la tegu haliulizi dini."

"Kwa hiyo," Anna akasema, na ulimi wa watu kumi ukawa wa mtu mmoja, "mwenye kitu kichwani ni mimi."

"Hakimwambukizi mtu. Nilikwambia siku ile, nakwambia tena." Daktari akaitia picha kwenye bahasha, akampa. "Na hii ni yako. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, mimi kinywa changu kimefungwa."

Nyani haoni kundule, wazee walisema. Anna alikuwa amelipwa chake na kupewa risiti kwenye bahasha.

Ndani ya gari Abeli aliuliza, "Na wewe je?"

"Safi," Anna akajibu, akageukia dirishani. Mashamba ya zabibu yalipita, vigogo vimekatwa vifupi, mpaka Ihumwa.

Alijipa moyo kwamba uongo huo haukumdhuru mtu. Abeli angerudi mkekani, mama angefurahi, na vile vitone vitano vingezikwa naye siku yake ikifika. Na kweli Bi Emilia aliposikia kwamba wote wawili ni wazima, alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Akatandika mkeka mwenyewe, akapakua ugali wa mchana mkubwa kuliko siku zote, akaita, "Abeli! Njoo mwanangu, njoo ukae hapa!"

Abeli akaja mpaka ukingoni mwa mkeka. Akamtazama Generosa, aliyekuwa amekwisha nawa na kukaa. Akasimama pale, ule mkono wenye vidole vilivyoshikana ukishika shati. Kisha akarudi kwenye jiwe akachukua bakuli lake, akalileta kwa mama yake.

"Nipakulie humu, mama."

"Si umeambiwa uko safi?"

"Nimeambiwa. Lakini kuanguka naanguka vilevile. Labda mashine haikuona. Mashine nayo ni chuma tu." Safari hii hakufanya utani. "Mtoto mwenyewe ni mmoja. Nikimharibu huyu, nitaishije? Niacheni tu, nimezoea."

Anna akajua hapo kwamba bakuli halikuwa juu ya jiwe tena. Lilikuwa ndani ya mdogo wake, na aliyelitia humo ni yeye. Daktari alikuwa amesema, picha ilikuwa imesema, na havikutosha. Kilichobaki ambacho Abeli angekiamini kilikuwa kwenye bahasha aliyoificha chini ya godoro mara tu walipofika. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoliogopa lile povu. Lakini safari hii miguu yake ilikwenda.

Alirudi na bahasha, akaitoa picha, akaiinua juani mbele yao wote.

"Nilisema uongo. Hiki ni kichwa changu. Tazameni hapa, na hapa. Vitano. Ninavyo tangu utoto." Akamgeukia mdogo wake. "Abeli, mwenye kitu kichwani ni mimi, na nimechovya na mama miaka yote hii, nimechovya na Generosa tangu ameanza kula. Mama anaumwa? Generosa anaanguka? Nani nimemwambukiza? Hakuna! Hakiambukizi. Daktari alisema kweli, na mimi nilikataa kwa sababu ya ule moto."

Bi Emilia akafunika mdomo kwa kanga.

"Nilikuwa pale," Anna akasema. "Nilikuwa na ndoo mkononi, nikasimama. Nilisimama bure, Abeli. Nisamehe."

Kuku walipita katikati yao wakidonoa. Abeli alitazama ile picha, kisha vidole vyake.

"Najua," alisema. "Nilipozinduka uso wako ndio niliouona kwanza, na ndoo imejaa. Nilikuwa nasubiri tu siku utakayosema."

Nadhiri ilikuwa ya Anna, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Akalichukua bakuli la buluu mikononi mwa Abeli, akajipakulia ugali kidogo na mlenda, akaenda kukaa juu ya jiwe kando ya ghala. Alimega tonge la kwanza ndipo akainua macho. Hakuwahi kukaa pale. Kutoka kwenye lile jiwe huwezi kuona uso wa mtu yeyote anayekula mkekani. Unaona migongo. Mgongo wa mama, mgongo wa mtoto, na pengo alipokaa yeye siku zote, akiwa amempa mdogo wake kisogo. Miaka kumi na minane ya visogo! Akalirudisha tonge, akalia pale pale na bakuli mapajani.

Mkekani Abeli alikuwa ameketi mwishowe. Alimega ugali, akaupeleka kwenye mlenda, na mkono wa Generosa ulipofika wakati uleule akaurudisha wake haraka. Hakujua kula na watu. Aliondoka pale angali mtoto. Bi Emilia akamshika kifundo cha mkono, ule mkono ulioungua, akauchovya mwenyewe mlendani. "Kula, mwanangu," akasema. "Kula."

Akala. Akatafuna polepole, akameza. Kisha akageuka nyuma.

"Mama Generosa! Mkubwa uliyetengewa!" akaita. "Njoo bwana, mlenda unapoa."

Anna akatikisa kichwa.

Abeli akajivuta kando, akamwambia Generosa naye asogee, mpaka pakapatikana nafasi mkekani ya kumtosha mtu mmoja.