Taa Iliyokuwa Ikipepesa

Fundi cherehani wa kibanda cha jirani anaapa kwamba Kishindo, dereva wa pikipiki ya umeme, alizimikiwa na pikipiki mlimani kwa kujishaua. "Alikuwa anashindana na malori! Abiria wake mjamzito kaupanda mlima kwa miguu mpaka zahanati."

Nafsi ilimsuta msichana wa kituo cha kubadilishia betri. Taa ya kijani ya chaja ikitulia, betri imejaa; ikipepesa, bado. Asubuhi ya safari ile madereva walikuwa wakimkejeli kwa kuwachelewesha, "Dada, betri unazichaji au unazichemsha?" Akaona haya, akachomoa moja ikiwa bado inapepesa, akampa Kishindo. "Imejaa," alimwambia.

Sasa Kishindo alisimama dirishani, helmeti kwapani.

"Dada yangu, kampuni wanaichukua pikipiki, eti nimeiendesha ovyo. Na watoto wangu wanakula kwa hiyo hiyo. Nimewaambia wakuulize wewe, maana huna papara kama sisi." Akamsogezea karatasi na kalamu. "Waandikie ulichokiona kwenye taa."

Msichana aliishika kalamu. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, na Kishindo bado alikuwa akimtabasamia.