Namba Kumi na Nne Hakondi

Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa panya wazee sitini kila asubuhi. Mjomba ndiye aliyewalisha. Yeye ndiye pia aliyeniombea kazi, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunituma chai mpaka siku ya kiama.

Panya thelathini wa rafu ya juu walikula wakashiba. Wa chini walipewa theluthi mbili ya chakula hicho, basi. Daktari, bosi wetu, alitaka kujua kama kula kidogo kunachelewesha uzee.

"Mafuta ya mwilini si gunia la akiba lililotupwa kona," aliniambia siku ya kwanza. "Yanapeleka habari kwenye ini, kwenye misuli, mpaka kwenye ubongo. Ukizeeka, habari zenyewe zinaharibika."

Nikakitazama kitambi cha mjomba. Kile kilikuwa kituo kizima cha redio.

"Wee, macho yako!" mjomba akasema.

Naye hospitali walikuwa wamempunguzia chakula, sababu ya sukari. Mkewe alimfungia matango na yai moja la kuchemsha kwenye kikopo, na kila mchana alikifungua kama mtu anayefungua barua ya msiba.

Kufika wiki ya saba, rafu ya chini yote ilikuwa imekonda isipokuwa namba kumi na nne, jike mwenye sikio lililochanika. Alipungua gramu mbili, akagoma. Daktari akampitisha kwenye mashine ya kupima mafuta: yako palepale. Alifurahi mpaka akampa jina, Bibi. Mwili wake, alisema, umejifunza kubana matumizi. Ijumaa angemtangaza mbele ya wakubwa waliokuwa wanaamua kama utafiti wetu uendelee au ufungwe.

Jumatano niliwahi kazini. Nikamkuta mjomba amechuchumaa mbele ya kizimba cha Bibi, nusu kipande cha chakula kidoleni.

"Mjomba!"

"Shh, utamshtua."

"Unamlisha?"

"Nusu tu. Wenzake wanajilalia. Huyu anasimama, anashika waya, ananitazama. Njaa ya kuandikiwa na daktari naijua mimi, mwanangu, wewe huijui."

"Daktari atakufukuza! Na Ijumaa atasimama mbele ya watu aseme uongo."

"Uongo wa nini? Mbona nimeandika."

Daftari la kulishia lilining'inia mlangoni kwa kamba. Hakuna aliyelisoma, maana Daktari alisoma kompyuta, na kwenye kompyuta niliingiza uzito peke yake. Nikalifungua. Mara thelathini na moja, kwa mwandiko ulionyooka: "Na. 14, nyongeza nusu kipande." Chini ya kila ukurasa palikuwa na saini ya aliyehakiki.

Saini yangu.

Utani wote ukaniisha. Nikafungua kamba.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Mjomba akafunga vifungo vya koti. "Twende wote. Peke yako utatetemeka, utasahau hata salamu."

Daktari alisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakupaza sauti. Alipomaliza akachukua kalamu, akafuta namba kumi na nne kwenye orodha yake.

"Mlango ule napita mara nne kwa siku," akasema.

Mjomba akahamishiwa kuosha vizimba, mimi nikaongezewa kulisha. Ijumaa Daktari alitangaza panya ishirini na tisa waliokonda, bila muujiza wowote. Wakubwa wakampa miezi sita zaidi ya utafiti.

Bibi hakuwa na rafu tena. Kizimba chake kikawekwa kwenye meza ya pembeni, karibu na karo la kuoshea vizimba. Jumatatu mjomba alisimama pale, mikono inachuruzika maji.

"Daktari, huyu si hahesabiki tena?"

"Hahesabiki."

"Basi naweza kumpa kidogo?"

Daktari alikuwa anaangalia kompyuta. Akanyoosha kidole mlangoni, lilikoning'inia daftari.

"Andika."

Mjomba akaandika. Mimi nikasoma neno kwa neno, ndipo nikasaini.