Panya wa Mawe ya Hamriya

Mkia ukabaki mkononi mwangu, panya akaenda zake.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, nimeshika kitu chembamba kama uzi wa kushonea viatu, nacho bado kinacheza. Nyuma yangu Hind alivuta pumzi. Shangazi yake, Bi Mahbuba, aliyekaa kwenye mkeka kutuchunga, akasema, "Yallah! Mchumba gani huyu anachuna wanyama?"

Hayo yalikuwa bonde la Hamriya, nchi ya Waarabu, mwaka wa sitini na tisa, kwenye majabali nyuma ya nyumba ya Ami Marhoon, babake Hind. Jana yake nilikuwa barazani kwake, nimevaa kanzu ya kuazima na kilemba nilichofungwa na mtu mwingine. Kwetu Unguja posa huletwa kwa maneno mazuri, nami yangu niliyatunga mwenyewe, beti kwa beti, bila ya mwalimu. Nilijiita simba. Wanaume wengine wote waliomtaka Hind niliwaita panya wa mawe, wajificha nyufani. Shairi lilikuwa zuri; nalisema mpaka leo. Wazee walicheka wakapiga mapaja. Halwa ilikuwa imeshafunuliwa.

Bi Mahbuba akaenda nyuma ya pazia kumuuliza mwari. Ilikuwa ada tu, maana mwari wa kwetu akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali.

Hind hakunyamaza.

"Kawaona wapi hao panya?" Sauti ilitufikia sote. "Mwambieni kesho alasiri aje kwenye mawe. Akae kitako, asitikisike, asiseme. Akiweza, tutazungumza. Hakuweza, aende na simba wake."

Watu wakaitazama halwa. Ami Marhoon akafunika sinia.

Basi sikuweza. Panya alitoka kwenye ufa, mgongo umejaa nywele ngumu kama miiba midogo, masikio makubwa kuliko haja yake, na mimi nikaona nimkamate nimpe Hind zawadi.

"Hauoti tena mkia huo," Hind alisema. "Humwachia nyoka, akaponya roho yake. Wewe nyoka?"

"Nilitaka kukupa."

"Hawa hawapewi mtu."

Akakaa kwenye jiwe akanieleza. Walipotoka Unguja, sitini na nne, alikuwa bado mtoto, na nchi hii aliiona kama kikaango kilichosahauliwa motoni. Alikaa kwenye mawe haya akilia. Hapo ndipo alipowaona, wakitafuna konokono na kokwa za tende.

"Nikidhani bonde halina kitu," alisema. "Kumbe lina wenyewe. Bundi anakula kwao, mbweha anakula kwao, nyoka anakula kwao, nao wanazaa tu. Ndipo nikaanza kulala usingizi."

Jibu nilikuwa nalo, na vina vyake. Nikalimeza.

Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata, bila ya kuitwa. Nikakaa. Mtu mwenye damu ya moto kama mimi, nzi wananitembea usoni, jua linanichoma shingo, na panya wananichungulia kisha wanarudi ndani kama kwamba mimi ndiye ninayenuka.

"Simba," Bi Mahbuba aliniita kutoka mkekani, "wamekufuga?"

Sikumjibu. Kutojibu kuliniuma kuliko jua.

Alasiri moja, joto limepungua, akatoka jike na watoto wawili. Hawa huzaliwa na manyoya yao, macho wazi. Walikuwa wadogo kama kokwa za embe changa, lakini tayari wanajua kunusa upepo. Mmoja akapanda juu ya kubadhi langu mguuni. Akaketi, akaanza kujisafisha masharubu.

Hind hakumwondolea macho mtoto huyo. Akasema, chini chini, "Shangazi, nenda kamwambie baba apange siku."

"Siku ya nini?"

"Ya harusi, shangazi. Lakini taratibu, usikanyage changarawe."

Bi Mahbuba akavua viatu, akaenda pekupeku, mkono mdomoni asije akapiga kigelegele. Mimi ubeti mzima ulikuwa ulimini, na mguu ulikuwa umekufa ganzi mpaka nyonga. Mtoto wa panya alikuwa bado na sharubu za upande wa pili.

Nikamngoja amalize.