Ofisi ya Ulezi

Anayetaka kuuza au kununua ulezi Sumbawanga aende sokoni. Nimelisema hilo kwa upole, nimelisema kwa ukali, nimelisema kwa Kiswahili na kwa Kifipa, na bado mwezi wa saba wote watu wamekuwa wakiingia ofisini kwangu na magunia.

Kazi yangu si nafaka. Mimi ni mlezi wa wanafunzi katika tawi la chuo kikuu kimoja hapa mjini. Mwanafunzi akifiwa, akiugua, akikosa pa kulala, akigombana na mwenzake wa bwenini mpaka wakagawana chumba kwa mstari wa chaki, mahali pa kuja ni kwangu. Nilipopewa kazi hii niliomba kibao cha mlangoni kiandikwe "Ofisi ya Ulezi na Ushauri wa Wanafunzi". Daktari Cleophas, naibu mkuu wa chuo upande wa utawala, akaona maneno ni mengi mno. Akayapunguza, kama anavyopunguza kila kitu, na kikaja kibao kikubwa cha kijani, kikapigiliwa upande unaotazama barabara: OFISI YA ULEZI.

Ukiyasoma maneno hayo Dar es Salaam, alikotoka Daktari, unaelewa ni habari ya kulea. Ukiyasoma Ufipa, watu wametoka kuvuna, unaelewa ni habari ya kula. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea kutoka Namanyere alisimama mlangoni, akasoma, akaniuliza tunanunua debe kwa bei gani.

Nilikwenda kwa Daktari kulalamika.

"Neno ni sahihi, Madam Fortunata," alisema bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Ulezi ni ulezi. Mwenye akili ataelewa."

"Hao wanaokuja na magunia wana akili, Daktari. Ndiyo maana wanasoma kibao."

"Kibao kimeshapakwa rangi. Tusipoteze muda. Makao makuu wanataka kuona shughuli. Wanafunzi wachangamke. Huna shughuli?"

Shughuli ninazo. Tuna kwaya mbili zisizosalimiana. Tuna klabu ya midahalo, klabu ya mazingira iliyopanda miti ikasahau kuimwagilia, na kikundi cha mbio za asubuhi ambacho kwa baridi ya Sumbawanga kimebaki na mtu mmoja, naye ni mlinzi wa lango. Picha zote ziko ukutani kwa Daktari. Ila hakuna picha ya mwanafunzi aliyeketi mbele ya meza yangu akisema lililomsibu, maana hilo halipigwi picha, na kwa kweli halikuwa likitokea. Mwaka mzima nilikaa pale na viti viwili vitupu na kopo la peremende.

Na wakati huohuo nilikuwa namtafuta mtu. Kiongozi wa darasa la mwaka wa pili, wale wanaosomea ualimu wa hisabati, alikuja kuniambia kuna msichana amepotea. Rahel Ngeleja. Kwao ni wafugaji, Wasukuma waliohamia bonde la Ziwa Rukwa, na mwalimu wake alikuwa akimsifu kila mahali kwamba anafundisha wenzake vizuri kuliko yeye anavyowafundisha. Alihama bweni kabla ya Krismasi, akawa anaonekana leo, kesho haonekani, kisha akatoweka kabisa. Simu haipatikani. Chumba alichopanga hakuna anayekijua. Mtihani wa mwisho ulikuwa unaanza Jumatatu, na sheria ya chuo haina huruma: asiyetokea bila taarifa anafutwa, na ukishafutwa umefutwa.

Nililala na jina hilo, nikaamka nalo. Kilichoniuma ni kujiuliza kwa nini hakuja kwangu. Lakini angejuaje? Wiki ile wanafunzi wapya wanapoelekezwa mambo ya chuo, kila klabu ilipewa muda wa kujinadi, na mimi nikaachiwa dakika za mwisho, wakati harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Nilisimama, nikasema "mkiwa na shida", na nusu ya ukumbi ilikuwa tayari kwenye foleni ya sahani. Ningempigia mbuzi gitaa ningesikilizwa zaidi.

Sasa, ili kumridhisha Daktari na shughuli zake, tukaandaa Wiki ya Ulezi. Aliyepewa matangazo ni Timoth, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, kijana mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Nilimwambia abandike tangazo ubaoni. Yeye akaenda redioni.

"Madam, tumeua," aliniambia Jumatano asubuhi, akisugua viganja kwa baridi. "Mtangazaji ni mshikaji wangu. Ametupigia tangazo bure, mkoa mzima umesikia."

"Amesema nini?"

"Wiki ya Ulezi, njooni wote Ofisi ya Ulezi, milango iko wazi. Fupi tu, inaingia kichwani."

Nikageukia dirisha. Nje, bodaboda ya kwanza ilikuwa inapaki, imebeba gunia.

Walikuja Jumatano, wakaja Alhamisi. Walikuja wa Laela, wa Mtowisa, wa vijiji ambavyo mimi Mfipa sikuwahi kuvisikia. Mmoja alikuja na ulezi uliokwisha kupepetwa, safi kabisa, akanimiminia kiganjani nione mwenyewe. Niliuona, ulikuwa mzuri, na roho iliniuma kumrudisha. Mwanafunzi hata mmoja hakuja. Au walikuja, wakakuta foleni ya wakulima, wakageuza. Timoth alijaribu kusaidia kwa kuwapanga mstari.

Ijumaa jioni nilikuwa nimekwisha. Alibaki mzee mmoja, Mzee Kasimiri, kakaa juu ya gunia lake katikati ya ofisi kwa sababu bodaboda iliyomleta ilishaondoka. Nilikuwa nimemwamkia, nimemweleza, nimemwomba radhi, nimemwitia chai.

"Mwanangu," alisema akipuliza kikombe, "kama hamnunui, mmeandika ya nini?"

Nikaanza kufunga madirisha. Hapo mlango ukagongwa, akaingia msichana aliyevaa sweta kubwa, mtoto mgongoni amefunikwa kitenge mpaka kichwani.

"Shikamoo madam. Shikamoo babu. Samahani, naomba kilo moja ya ulezi. Ya uji wa mtoto."

Nasema ukweli, nilikaribia kulia. Si kwa huruma, kwa hasira. Nilivuta pumzi nikaanza lile jibu ambalo ulimi wangu ulikuwa umeshalikariri: hapa hatuuzi ulezi, nenda sokoni, hii ni ofisi ya chuo.

"Mpe basi," Mzee Kasimiri akanikatiza. "Mzigo si huu hapa? Mjukuu wangu, leta mfuko." Akafungua gunia, akaomba kopo langu la peremende, akamwaga peremende mezani na kuanza kupima.

Msichana akainama kushika mfuko, sweta likafunguka, nikaona fulana ndani. Ilikuwa ya chuo, ile tuliyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka juzi.

"Wewe unasoma hapa?"

Akasita. "Nilikuwa nasoma, madam."

"Unaitwa nani?"

"Rahel."

Nilikaa chini. Kiti nilichokalia kilikuwa kile cha wageni, lakini sikujali. "Rahel Ngeleja?"

Aliitika kwa kichwa, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekamatwa. Nikamwambia akae. Alikaa. Mzee Kasimiri akaendelea kupima taratibu, akitazama kopo tu, na nilimshukuru kwa hilo.

Habari yake ilikuwa fupi. Mtoto anaitwa Loth. Baba yake yupo. "Yupo, madam, simu yake ndiyo haipo." Bwenini mtoto haruhusiwi, kwa hiyo alipanga chumba mtaa wa Chanji, na mama mwenye nyumba akawa anabaki na mtoto siku za vipindi. Mwezi uliopita mama huyo akaitwa Wampembe kwa binti yake mgonjwa, hajarudi. Aliwahi kwenda na mtoto darasani. Mtoto akalia, darasa likacheka, hakurudi tena. Jumatatu ya mtihani alikuwa ameshaitoa moyoni. Alikuwa anasubiri gari la kushuka bondeni kwao, na mtoto alihitaji uji wa safari.

"Rahel, mbona hukuja kwangu?" Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mwaka mzima niko hapa. Kazi yangu ni hii."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilipita hapa kila siku, madam. Nilijua ni ushirika wa wakulima."

Mzee Kasimiri akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kibao kile cha kijani, na mara ngapi msichana huyu alipita chini yake akiwa na shida mgongoni.

"Hupandi gari lolote," nilimwambia. "Jumatatu unafanya mtihani. Mtoto unamleta hapa."

"Hapa ofisini? Wataruhusu?"

"Hilo niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa kujiamini ambako sikuwa nako. Mzee Kasimiri hakukubali kulipwa kilo ile ya Rahel. Tukamtafutia bodaboda nyingine, na gunia likabaki kwangu, kwa sababu mwishowe nililinunua. Ningefanyaje?

Jumatatu Rahel alifika kabla ya jua kuchangamka, macho mekundu ya mtu aliyesoma usiku kucha huku ananyonyesha. Alinikabidhi mtoto, chupa ya uji na nepi, akaingia chumba cha mtihani bila kugeuka nyuma. Nadhani angegeuka asingeingia. Loth alinitazama kidogo, akanipima, akaamua hanitaki. Akalia kilio ambacho hata mimi niliyelea wawili sikuwa nimekisikia. Nilimfunga mgongoni, nikazunguka meza, nikaimba nyimbo zote za kwaya zote mbili.

Daktari Cleophas hakuchelewa.

"Madam Fortunata, hii ni nini?"

"Ni mtoto, Daktari."

"Naona ni mtoto. Anafanya nini ofisini?"

"Analelewa."

"Chuo hiki hakina kituo cha kulea watoto. Hakuna kanuni wala fungu la hilo. Wakisikia makao makuu nitasema nini? Mpigie mama yake simu aje amchukue."

"Mama yake yuko kwenye mtihani. Nikimtoa leo, amefutwa."

"Hayo ni mambo yake binafsi."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Sikupaza sauti, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kusinzia. Nilimwomba Daktari atoke nje kidogo. Upepo wa asubuhi ulikuwa unakata masikio, yeye na suti yake, mimi na Loth mgongoni. Nikamwonyesha kibao.

"Naomba unisomee, Daktari."

Hakusoma. Alikitazama tu, midomo imebana.

"Ulezi ni ulezi," nikamwambia. "Mwenye akili ataelewa."

Mlinzi wa lango alikuwa ametega sikio waziwazi, hata haya hana. Mwishowe Daktari akakohoa. "Kibao hiki nitaagiza kibadilishwe leo leo. Kiandikwe ushauri."

"Hapana. Niliomba mwaka mzima ukakataa. Sasa kiache."

"Basi asilie," alisema, akaondoka zake akivuta kola ya suti juu ya shingo.

Saa ya mtihani ilipokwisha Rahel alikuja mbio, maziwa yamelowesha fulana kifuani, akampokea mtoto kabla hajanisalimu. Alinyonyesha amesimama. Nilimuuliza mtihani ulikuwaje, akasema amejibu maswali yote, halafu akaketi kwenye kiti kile ambacho mwaka mzima hakikuwa na mtu, akalia kwa sauti. Nilimwacha alie. Kwa mara ya kwanza nilijisikia niko kazini.

Jumanne alikuwa na mtihani mwingine. Loth alikuwa amenizoea kidogo, maana safari hii alilia nusu tu ya jana. Na mlangoni walisimama wasichana wawili, mmoja wa mwaka wa kwanza na mwenzake, kila mmoja na mtoto mgongoni. Hata sikujua chuo kina watoto wengine. Waliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli walivyosikia. Nikawaambia waingie. Timoth, ambaye alikuja kuniuliza habari ya jezi, alijikuta ameshikishwa mtoto, akasimama wima kama mlingoti akiogopa hata kupumua.

Nilikuwa natembea na Loth dirishani, amelala mgongoni, nikikoroga uji kwa mkono mmoja, pale bodaboda iliposimama nje. Mama mmoja mtu mzima akashuka, akavuta gunia mpaka kizingitini, akainua macho kwenye kibao, kisha akanitazama mimi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka mbali. Eti hapa ndipo kwenye ulezi?"

Lile jibu langu la siku zote likanijia mdomoni. Nikalimeza.

"Ndipo hapa, mama," nikamwambia. "Shusha polepole, watoto wamelala."