Vipande Visivyosuuzwa

Muuguzi Ylva alirudi kutoka kunywa kahawa ya saa tatu, akanawa mikono hadi viwikoni, akavishwa gauni na glavu mpya, akaingia chumba cha upasuaji. Kitu cha kwanza alichokiona ni chupa tatu za maji ya chumvi mezani. Zote tatu zilikuwa na vifuniko vyake.

Na bakuli la mifupa lilikuwa limebaki nusu.

Aliyelala mezani alikuwa Ragnhild Sandlund, miaka sabini na sita, aliyepeleka barua vijijini huku Norrland, kaskazini mwa Uswidi, maisha yake yote. Nyonga yake ya bandia ilikuwa imelegea mara mbili, na hii ilikuwa mara ya tatu kufunguliwa. Mfupa wake wenyewe ulikuwa umelika ukabaki ganda, kwa hiyo walikuwa wanamjazia mifupa ya wagonjwa wengine, iliyogandishwa kwenye friza na kusagwa vipande vidogo kama njegere. Hii ikikataa kushika, hapakuwa na pa kujazia tena. Kingefuata kiti cha magurudumu.

Mfupa wa kupewa una udhia wake: mwili huanza kuula kabla haujajenga wake. Ndiyo maana hapa kwao waliloweka vile vipande dakika kumi katika dawa ileile ambayo bibi wengi humeza kulinda mifupa. Kisha walivisuuza mara tatu. Dawa iliyokwisha kushika kwenye mfupa inatosha. Ile inayobaki ikielea huua seli zinazokula mfupa, ikaua na zile zinazoujenga.

Kabla ya kwenda kunywa kahawa, Ylva alimwachia Pernilla nafasi yake. Pernilla ni muuguzi wa upasuaji wa magoti, ameazimwa kwa wiki moja. "Dakika kumi zikiisha, mpe Torbjörn," Ylva alimwambia. Basi. Kusuuza hakukutaja, kwa sababu amekufanya miaka kumi na moja na hajawahi kukumbushwa.

Torbjörn, daktari mpasuaji, alikuwa anapigilia vipande kwa nyundo, tak, tak, tak, jasho likimtoka. Ylva alitazama bakuli. Kilichosuuzwa na kisichosuuzwa havina tofauti kwa macho. Nyonga ikilegea baada ya miaka miwili, kila mtu angesema ni uzee. Hilo alilijua vizuri.

"Torbjörn, simama. Havijasuuzwa."

Nyundo ikabaki hewani. "Nini?"

"Vipande. Chupa zote zimefungwa."

"Hukuniambia nisuuze," alisema Pernilla, macho yamemtoka juu ya barakoa.

"Sikukuambia. Kosa ni langu, si lako."

"Nimepigilia dakika ishirini!" Torbjörn alimgeukia muuguzi wa ganzi. "Tuna muda gani kabla ganzi haijaisha?"

"Saa moja na robo, kama tuna bahati. Na kumlaza usingizi kabisa sitaki. Mapafu yake hayawezi."

Sindano ya mgongo ilikuwa imemtia Ragnhild ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu; alikuwa macho. Nyuma ya pazia la kijani aliinua kisikilizi kimoja cha muziki kutoka sikioni.

"Mbona mmenyamaza? Heri mgonge. Mkinyamaza ndiyo naogopa."

Ylva aliinama juu ya pazia na kumweleza yote bila kuzunguka: nani kakosea, nini kifanyike, na kwamba ganzi huenda ikaisha kabla hawajamaliza.

"Na mkiacha hivyohivyo?"

"Unaweza kupona. Au vikakaa humo kama changarawe, visiote, chuma kikacheza tena."

Ragnhild alivua na kisikilizi cha pili. "Toeni. Nimemsikia huyo akigonga. Anahitaji mazoezi."

"Asante sana," alisema Torbjörn.

Walitoa vyote, kijiko kwa kijiko, wakaosha na shimo lenyewe. Ylva alisuuza kwa mikono yake, akihesabu kwa sauti, na kila chupa alimwonyesha Pernilla. Nyundo ikaanza upya. Chuma kipya kikaingia. Walipokuwa wanashona, sauti ilitoka nyuma ya pazia: "Jamani, kidole gumba cha mguu kimeamka."

"Kinafanya nini?"

"Kinauma, kinafanya nini kingine!"

"Vumilia, Ragnhild. Nyuzi nne," alisema Ylva.

Zilikuwa sita. Ragnhild alizihesabu zote, na matusi yake yakasikika hadi kwenye korido.

Jioni hiyo Ylva aliandika ripoti kwa jina lake. Jina la Pernilla hakuliweka.

Mwaka mmoja baadaye alishuka kliniki siku ambayo Ragnhild alikuja kupigwa picha. Torbjörn aliwasha skrini. Vile vipande havikuonekana tena kimojakimoja. Nyuzi za mfupa mpya zilikuwa zimevipita na kushikana na ganda, na kuzunguka chuma hapakuwa na ufa mweusi wa kulegea hata mmoja.

"Labda ingeshika hata bila kusuuza," alisema Torbjörn. "Hatutajua kamwe."

"Mimi siwezi kuishi na 'labda'," alisema Ylva.

Ragnhild alimkodolea macho. Bila barakoa hakumtambua mara moja. "Wewe ndiye uliyekosea?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi lete mkono."

Aliushika, akajiinua kutoka kitini akiguna, akasimama. Kisha akauachia, akatembea hadi mlangoni bila fimbo.